Nywele za Bibi kwenye Ndoana

Kwetu Kibara, wadudu wa ziwa ulianza kuwanusa kabla hujawaona. Harufu ya tope na samaki mbichi ilikuja na upepo wa asubuhi, halafu ukitazama ziwani uliona kitu kama moshi kimesimama wima juu ya maji. Moshi huo ulikuwa wadudu, wadogo kuliko mbu, wasiomuuma mtu. Wakifika nchi kavu, funga mdomo! Waliingia kwenye uji, masikioni, kwenye nguo zilizoanikwa, na Bibi aliwafagia ukutani huku akiwatukana kwa Kijita kana kwamba wanasikia. Mwaka ule nikiwa darasa la nne, mtu pekee aliyefurahia kuja kwao alikuwa mjomba wangu, Bwire.

Mjomba Bwire alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Alikaa miaka mingi Kenya, kwenye mito ya baridi ya milimani, akiwafungia wageni ndoana za kuvulia trauti, samaki ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Ndoana hizo haziwekwi chambo. Unazifunga uzi na unyoya mpaka zifanane na mdudu. Alirudi nyumbani na kifua kibovu, kiboksi cha bati, na kidude cha chuma cha kubania ndoana. Watu walimcheka, eti mtu mzima anashonea nzi nguo. Mimi nilikaa naye kila nikitoka shule. Alinifundisha kuzungusha uzi shingoni mwa ndoana, kuweka unyoya wa kanga uwe miguu, na mgongoni kuweka kitu laini kinachoshika kipovu cha hewa. "Wadudu hawa wanazaliwa chini kwenye tope," aliniambia. "Siku yao ikifika wanapanda. Samaki hahangaikagi na aliyefika juu, huyo ana mabawa. Anakulaga yule anayepanda, bado kidogo tu atoke." Basi ndoana yake ilipaswa isielee wala isizame, ining'inie chini kidogo ya uso wa maji. Hapo ndipo aliposhindwa. Pamba ilinywa maji ikazama, manyoya ya bata yakaelea. Alitaka nywele laini, nyeupe, za kujikunja, na nywele hizo zilikuwa kichwani mwa mama yake.

Alimwomba mara tatu. Mara mbili Bibi alicheka tu. Mara ya tatu alikuwa anachambua mchicha, amechoka, akamjibu, "Wee Bwire, niache! Nywele zangu utazipata siku nikinyolewa." Kwetu mwanamke mzima alinyolewa akifiwa. Bibi mwenyewe alishtuka, akajipiga kiganja mdomoni. Mjomba alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mvua za mwaka ule hazijakatika, tukamzika.

Siku ya nne tulinyolewa wote uani kwa wembe, Bibi wa kwanza. Mama mkubwa alizikusanya nywele kwenye ungo, akazifukia chini ya mgomba bila kubakiza hata unywele, kwa maana ilisemwa kwamba marehemu akizipata nywele za mtu atamvuta amfuate. Nilikuwa nimeshaiba kishungi cha nywele za Bibi, cheupe pe, nikakificha kwenye daftari la hesabu. Nisijipambe: nilimpenda mjomba, lakini zaidi nilitaka kujua kama itafanya kazi. Nilifunga ndoana kama alivyonifundisha, na siku wadudu walipoinuka tena nikaenda kwenye mawe ya ufukweni, nikairusha. Ilining'inia palepale alipopataka. Kisha kitu kikaivuta kwa nguvu hata nikapiga magoti, na mshipi ukakatika. Nilipiga kelele za furaha peke yangu.

Asubuhi yake Bibi hakuamka. Homa ilimshika, hakula, akawa anaweweseka na kumwita Bwire. Mimi nikajua: nimemkabidhi mjomba nywele za mama yake, naye anavuta. Siku mbili nilishinda kwenye mawe yale na ndoana nyingine, nikimtafuta samaki mmoja katika ziwa zima, ujinga gani huo! Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya tatu niliingia chumbani kwake, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema yote.

Bibi alijiinua kwa kiwiko. Nilingoja kofi.

"Samaki alikula?" akauliza.

"Alikula, Bibi. Kwa nguvu."

"Basi mwanangu alikuwa anasema kweli." Akageukia ukutani, mabega yakaanza kumcheza. "Aliniomba nywele, mimi nikampa maneno. Mdomo umeponza kichwa, tena si changu."

Homa ilikuwa malaria, ikaisha kwa vidonge. Hakunipiga wala hakunisema kwa mtu, na ningepona haraka zaidi kama angenipiga. Aliishi hadi uzee mkubwa, lakini wadudu walipokuja hakuwafagia tena. Alifunga dirisha, akakaa ndani.

Tumemzika mwaka jana. Siku hizi kwetu hatunyoi. Mchungaji alisema huzuni iko moyoni, na dada zangu walikuja na mawigi yao, wakalia vizuri tu. Sikubishana. Niliporudi kwangu Bweri, mtaa wa mjini kando ya ziwa lilelile, niliingia kwa kinyozi wa pale kwenye kituo cha bodaboda, nikamwambia atoe zote. Kijana alikuwa na redio yake, hakuuliza. Nywele zangu zilianguka nyeupe, akazifagia pamoja na za watu wengine. Nililipa nikatoka. Nilipofika barabarani moyo ukanilipuka, nikarudi mbio kuziomba, nikakuta ndoo tupu.

"Taka zimeshachukuliwa sasa hivi, mama."

"Wanazipelekaga wapi?"

"Dampo. Wengine wanamwagaga ziwani."

Nilimshukuru kama mtu mwenye akili zake. Nimesoma, nina wajukuu, kila Jumapili niko kanisani, na bado usingizi wangu umekuwa mwepesi tangu siku ile. Nakaa nikihesabu kila homa, kila kizunguzungu. Utotoni nilipoogopa hivi, nilikuwa na mtu wa kumpigia magoti nikamweleza. Sasa huyohuyo ndiye ninayemwogopa.