Mchele wa Rafiki

Mdogo wangu alikamatwa njia ya Olumbi, huku kwetu kusini ya Ruvuma, amepakia kwenye pikipiki mzigo wa mtu uliotoka Kionga. Ndani mlikuwa na heroini. Yeye aliambiwa ni sabuni, akaamini, maana ndivyo alivyo. Hata ukimwambia mbuzi ni ng'ombe ataitikia. Polisi wakampa achague: jela ya Pemba yetu ya bara, au awe anawapelekea habari za wenye mizigo. Akachagua kurudi nyumbani. Alituambia mimi na mama tu, na mama akafa na siri hiyo moyoni.

Msiba wa mama ndio uliotuumbua. Kwetu anayeleta kitu msibani hutajwa kwa sauti mbele ya watu wote, ili wafiwa wajue nao wamfae nani siku yake ikifika. Mkuu wa polisi ni mtu wa kusini ya mbali, hayo hayajui. Nadhani alitaka kutenda wema tu. Siku ya hitima akatuma gunia la mchele kwa gari la polisi, mchana kweupe, pamoja na salamu zake za pole. Mzee wetu wa kutangaza, ambaye hajawahi kumruka hata aliyeleta chumvi, akasimama.

"Gunia la mchele," akasema, "limetoka kwa shefe wa polisi. Anampa pole rafiki yake, mtoto wa kiume wa marehemu."

Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu. Nilitamani nitoke nimzibe mzee yule mdomo, lakini lilikuwa limeshasemwa.

Tukapakua. Masinia yote yalirudi yamekombwa, isipokuwa la mdogo wangu. Aliokaa nao kulizunguka walimega tonge mojamoja, wakasema wameshiba, wakanawa. Watu wamesoma tangu asubuhi, nani anashiba kwa tonge moja? Nililipokea sinia lile nikalifunika upesi, wenzangu wasilione. Huku kwetu siku hizi mtu huenda shamba asirudi, na jirani zake wasiulize.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda kwa mkuu wa polisi kuomba aachwe. Yule bwana alimsikiliza kwa upole, tena akamkaribisha kiti. Akamwambia kesi yake haijafungwa, na kwamba hapa mjini sasa hana rafiki mwingine. Hilo la pili lilikuwa kweli, ndilo lililonikera zaidi.

Alipokuja kunieleza nilimwambia avuke Ruvuma usiku huohuo, aende Mtwara kwa mjomba wetu, ndugu wa mama tumbo moja. Mjomba alikuwa amekuja msibani na kuondoka bila kuniaga.

"Mjomba tulikaa sinia moja, dada," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza kunawa."

Nikampakulia wali wa mchele uleule, akala, na mimi nikasimama mlangoni nikiangalia njia.