Mstari wa Ndoo

Enzi za Mjerumani, amri ya moto hapa Morogoro haikuwa na mchezo: nyumba ikiungua, tupange mstari kutoka mtoni, tupokezane ndoo, na atakayeukatiza achapwe viboko. Nyumba ya mama yangu iliposhika moto, tulijipanga mara moja. Akaja akida, mtu wao wa kutusimamia, juu ya punda, akaukatiza mstari katikati. Amri nyingine ilisema akipita tuweke chini tulichoshika, tusimame, tumsalimie. Tukaweka ndoo chini. Punda akainama, akanywa kwenye yangu, naye akamwacha anywe mpaka atosheke! Paa likaanguka tumesimama wima. Kesho yake nilichapwa kwa kuchelewesha maji. Aliyesimamia viboko ni yeye.