Taa mpya ya Eldoret ilivyokataa kuona chakula cha harusi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Ya leo ni ukweli mtupu. Sina sababu ya kudanganya, maana hakuna shujaa hapa, hata mimi.

Ni enzi za chama kimoja. Dada yangu Wanjiku anaolewa na Otieno, mwalimu ambaye kwao ni upande wa Kisumu. Kazi yangu moja tu: kutoa chakula kwetu Munyaka, nifikishe kanisani.

Pickup tuliyoahidiwa ikakataa kuwaka. Nikaazima punda na mkokoteni wa jirani. Punda aliitwa Chifu. Miaka hiyo jina kama hilo unaliita kwa sauti ya chini.

Sasa, mjini walikuwa wameweka taa za kisasa za kuongoza magari. Chini ya lami kuna waya. Gari ikisimama hapo, taa inajua kuna mtu anangoja, inampea green. Magari yakiwa mengi, green inakaa. Watu walitoka hadi Moiben kuja kuziangalia tu.

Nikafika kwa taa. Red.

Nikangoja. Ile barabara ingine hakuna hata baiskeli, lakini bado red.

Kando kuna askari wa trafiki. Nikamwambia, "Afande, naona hii imelala."

"Haijalala. Haijakuona. Inasikia chuma cha gari, na wewe umekuja na mbao."

"Basi nivuke tu?"

"Vuka uone. Hii taa ilifunguliwa na mkubwa kutoka Nairobi. Wewe unampinga?"

Wakuu, enzi hizo swali kama hilo ni mtego. Unatafuta njia ingine.

Nikaweka kifuniko cha sufuria kwa lami. Wapi! Mama mmoja wa kuuza mboga akasema turuke juu ya hiyo waya. Tukaruka, yeye, mimi na wapita njia. Red. Afande anacheka mpaka kofia inaanguka, lakini kuvuka hapana.

Mara basi likasimama nyuma yangu. Hapo hapo, green!

Kwa furaha nikapiga kelele, "Chifu! Songa, punda wewe!"

Afande akaacha kucheka. "Umeita nani punda?"

Nikimaliza kumweleza, red imerudi. Kisha green tena, lakini sasa Chifu ndiye amegoma. Amesimama kama amepigwa misumari.

Mzee mmoja akashuka kwa basi, ananusa hewa. "Kijana, hiyo kuku ni ya wapi?"

"Ya harusi ya Otieno, Mzee."

"Otieno ni mtoto wangu. Tumepotea tangu asubuhi, na njaa imetumaliza." Akageukia basi. "Shukeni! Tumefika!"

Wakashuka wote. Ningekataza wakwe? Nikapakua.

Wanjiku, alipochoka kungoja kanisani, akaja na gauni lake kututafuta. Akapata wakwe wameketi kando ya lami, afande ameshika paja la kuku, taa inapea green basi lisilo na dereva.

Akasema, "Kwa hivyo mimi naolewa hapa?"

Baba mkwe akajibu akitafuna, "Mwite pasta, mama. Minofu bado iko."

Wanjiku alijaribu kukasirika. Akashindwa. Akapanda juu ya mkokoteni na gauni jeupe, akaomba shingo ya kuku.

Kanisani waliobaki walikula viazi, ndivyo pekee vilivyosalia kwa mkokoteni.

Funzo langu: mashine inaona kile imefundishwa kuona. Kabla ya kuisifu, uliza kama inakujua wewe.

Nani mwingine hapa amewahi kukataliwa na mashine mbele za watu? Leteni zenu, na mkitaka kunicheka, ruhusa.