Pasi Juu ya Grisi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya sitini, pale kwa madobi wa bandarini Kisumu, nilichukua ovaroli ya fundi wa meli nikaitumbukiza kwenye maji ya moto. Fundi Mkuu wa madobi alinipigia kelele mpaka wauza samaki nje wakageuka. "Wewe! Nani alikwambia grisi inaogeshwa? Unga kwanza!"

Akanifunza. Grisi unaikwangua kwa mgongo wa kisu, unaifunika na unga wa mahindi, unauacha unywe mafuta, kisha unapangusa. Ndipo unaweka kitambaa chini, unagusa doa na petroli, mbali na jiko, kutoka ukingoni kuja katikati lisitanuke. Halafu sabuni ya mche. Pasi ni ya mwisho kabisa, baada ya kukagua nguo juani. Moto ukikuta mafuta unayapika ndani ya nyuzi, na hapo hakuna dobi atakayeyatoa.

Baadaye nilihamia duka la dobi mjini. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa tai, hajawahi kufua hata soksi yake. Asubuhi moja mama wa Nyalenda akaja na koti la kijivu. Mumewe, mekanika, alikuwa amefariki, na mchana wanampeleka nyumbani Kombewa. Koti lake la pekee la kanisani lilikuwa na grisi kifuani.

"Baba, watu watapanga laini kumwangalia," akaniambia. "Asionekane mchafu."

"Rudi saa sita, Mama. Litatoka."

Nikatia unga. Msimamizi akatokea. "Hiyo unga ni ya nini? Piga pasi umpe! Kwani maiti anaona doa?"

Yawa! Maiti haoni, lakini sisi wengine ni vipofu? Nikamwomba, "Bwana, nipe saa moja tu." Akaupangusa unga kwa kiganja, akashika pasi ya makaa mwenyewe, akaikandamiza palepale. Harufu ya gereji ikajaa chumba. Doa likatanuka kama sahani.

Mama aliporudi, yule bwana alininyooshea kidole bila haya. "Dobi wako ndiye ameharibu." Mimi nilikuwa na watoto wanne kule Ahero waliokula kwa kazi ile, nikalikunja koti nikampa.

Kesho yake nilienda Kombewa, nikapanga laini na waombolezaji. Mama alikuwa ameweka kitabu cha nyimbo kifuani mwa mumewe, juu ya doa. Aliponiona, alikiondoa ili nione. Kisha akakirudisha.

Sasa nimestaafu, na watu wananisifu eti hakuna doa lililonishinda. Upuzi mtupu! Kijana, mkubwa wako akisema pasi kwanza, mkatalie hapo hapo, mbele ya mwenye nguo. Yule Msimamizi alishazikwa, lakini hasira yangu kwake haijazikwa, na ile ninayojikasirikia mwenyewe ni kubwa zaidi. Nilikwenda mpaka Kombewa na maneno mawili tu mdomoni, "si mimi," nikarudi nayo.