Nakala ya Kijani

Marlys Pruszka ameitunza kanzidata ya fedha ya kiwanda chetu cha pampu hapa Milwaukee kwa miaka ishirini na sita. Kila anapotoa nakala yake, ili watu wafanye majaribio bila kuharibu ile halisi, kwanza huzima barua pepe za nakala hiyo, kisha huzipaka rangi kurasa zake. Mwaka mmoja kabla sijaajiriwa, mhasibu fulani alifunga hesabu za mwezi mzima ndani ya nakala akidhani yuko kwenye mfumo wenyewe, akaenda zake ziwani kuvua. Tangu hapo ya kweli ni nyeupe, na nakala hupata rangi yoyote anayoitaka Marlys. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mwezi wa Machi, Todd, mkuu wetu wa fedha, alichoka kungoja ripoti ya kufunga mwezi kwa dakika arobaini. Akamleta Brent, mtaalamu wa kampuni moja ya Chicago ambayo watu wake wote huvaa fulana za kijani. Zikatolewa nakala mbili, yeye na Marlys kila mmoja akapewa yake aiongezee kasi. Brent angeshinda, kazi ya Marlys ingehamia Chicago.

"Usinichukie, Marlys," Todd alisema, mdomo umejaa keki ya kringle. "Mambo yamebadilika tu."

"Kula taratibu, bwana. Makombo yanaingia kwenye kibodi yangu."

Brent aliomba seva iongezewe kumbukumbu, ikaongezwa. Marlys alikaa siku mbili akisoma tu. Kisha akaniita.

"Binti, njoo uone kichekesho. Ripoti inataka ankara za mwezi mmoja, lakini inaanza kusoma tangu ankara ya kwanza ya kiwanda. Kama mtu anayetafuta neno kwenye kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa."

"Sasa utafanyaje?"

"Naipa faharasa. Halafu napaka rangi."

Yake akaipaka kijani. Ya Brent, ambaye alifanyia kazi upande wa seva na hakuwahi kufungua kurasa zenyewe, akaipaka zambarau. Nilimtazama.

"Mbona macho hayo? Nimependa kijani tangu utotoni."

Ijumaa Todd aliziendesha zote mbili mbele yetu. Zambarau ilichukua dakika thelathini na moja. Kijani, sekunde hamsini.

"Hiyo ndiyo Chicago," Todd alisema, akimpiga Brent begani.

Brent akaitazama fulana yake, akatabasamu. "Tumezoea."

"Hebu tueleze ulichofanya, nasi tujifunze," Marlys alisema kwa upole.

"Niliongeza kumbukumbu."

"Na faharasa?"

"Na faharasa, ndiyo."

"Uliiweka kwenye jedwali gani?"

Brent akainamia kompyuta yake.

"Todd, bonyeza pale chini, penye jina la nakala," Marlys alisema.

Todd akabonyeza, akasoma, akasoma tena. "Lakini kijani si ya Brent?"

"Nani alikwambia?"

Todd akanigeukia. Mimi nilikuwa nachunguza kringle.

Jumatatu faharasa iliingizwa kwenye mfumo mweupe, na Marlys akabaki kwenye kiti chake. Todd alimwagiza kwamba kuanzia sasa kila nakala iandikwe jina la mwenyewe juu kabisa, kwa herufi kubwa. Ametii. Ya Todd imeandikwa TODD, kwa herufi kubwa sana, na ni ya waridi.