Mama Mkwe na Dirisha la Jikoni

Nilikuwa nachemsha viazi vitamu, nikafungua dirisha la jikoni ili mvuke utoke. Joto la Doha likaingia. Mama mkwe wangu, ambaye mume wangu alimleta kutoka Japani aje akae nasi, akainuka polepole akalifunga. Nikalifungua tena. Akalifunga tena.

"Hebu muulize mama ana nini na hili dirisha," nikamwambia mume wangu, maana kwa lugha yao mimi najua salamu tu.

Wakaongea kidogo. "Wakati wa vita, wakibahatika kupata kiazi, mama yake alikuwa anafunga madirisha yote," akanieleza. "Jirani asisikie harufu."

Nikaliacha dirisha limefungwa. Nilikuwa mdogo ule mwaka wa njaa tuliogawiwa mahindi ya njano ya msaada. Kwetu, kula umefunga mlango ni uchoyo. Lakini siku moja mama yangu aliufunga, akatupakulia ugali wa njano, mgumu, wenye harufu ya gunia. Mara nikasikia rafiki yangu wa nyumba ya pili akiniita kutoka nje. Mama akaweka kidole mdomoni. Nilikaa na tonge shavuni, sitafuni, mpaka nikasikia ndara zake zikienda.

Kesho yake hakuniuliza kitu, tukacheza kama kawaida. Nimezeeka sasa, na bado sijui kama siku ile alikuwa ameniita tucheze, au njaa ndiyo iliyomleta.