Shavu la Kushoto

Mtaani walimwita Mkono Pamba, maana wembe wake ulipita kidevuni kama uvumi: unajua umepita, hujui umepita saa ngapi. Jina lilimfaa mpaka siku alipomnyoa baba yake baada ya kiharusi.

Shavu la kushoto la mzee lilikuwa limekufa ganzi, na tangu atoke hospitali alikuwa akimeza dawa za kuzuia damu kuganda. Mkono Pamba aliyajua yote mawili, kama sote tunavyoyajua mambo mengi. Wembe ukateleza chini ya taya. Mzee alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyeuza mlango wa nyumba ya kupanga. Akaendelea nacho, akakicheka mwenyewe, huku damu ikimshuka kwenye kola. Angepiga ukelele mmoja tu, huenda mwanawe angepona siku ileile. Hakupiga.

Tangu hapo, wembe ukikaribia kidevu cha mtu, vidole vya kinyozi hucheza ngoma isiyo na mpigaji. Vichwa alivinyoa kwa mashine. Ndevu alizisukumia kwa mwenzake wa kiti cha pili, akisingizia mgongo. Baba yake, hata hivyo, hakuwa mtu wa kusukumwa. Mashine hakuitaka: "Hiyo ya kondoo." Kinyozi mwingine hakumtaka: "Nimezaa kinyozi ili nikanyolewe na wa watu?" Basi ndevu zikaota kama magugu, na Jumapili iliyofuata wenzake wa kazini wa zamani wangekuja kumjulia hali. Mzee huyu, enzi zake, alikuwa akipiga pasi hata kamba za viatu.

Binti wa dada wa kinyozi, muuguzi, alileta kijitabu cha mazoezi ya kutuliza wasiwasi.

"Mjomba, wazo si ukweli. Andika linalokutisha, na unaliamini kwa asilimia ngapi. Halafu ushahidi wa pande zote mbili."

Akaandika nyuma ya boksi la nyembe: *Nitamkata tena. Asilimia tisini.* Ushahidi wa kupinga: videvu vya maisha yake yote, vya maharusi, vya mahakimu, na cha mwizi mmoja aliyekuwa akienda kuonana na hakimu. Ushahidi wa kuunga mkono: kola. Akasoma upya alichoandika, akafuta tisini, akaweka tisini na tano.

"Mjomba! Inatakiwa ishuke."

"Mwambie mwenye kijitabu."

Wakahamia zoezi la ngazi, palepale dukani kwake: unaanza na kisichotisha, unapanda taratibu hadi kinachotisha. Kidato cha chini kilikuwa kunyoa puto lililopakwa povu, kama wanavyoanza vinyozi wanagenzi. Fundi viatu wa jirani akachungulia dirishani.

"Mkono Pamba, mteja wako mbona hana masikio?"

"Ndiyo maana hasikii upuuzi wako."

Puto likatoka salama. Kidato cha pili kilikuwa kidevu chake mwenyewe, na hapo duka zima likasimama.

"Kinyozi hajinyoi!"

"Kijitabu kinasema ajinyoe," alisema muuguzi.

"Kwani kijitabu kimeandikwa na kinyozi?"

Akajinyoa, akajikata. Wateja waliridhika mno. Si kila siku mtu anaona methali ikitimia bila kiingilio. Muuguzi naye akafurahi, kwa sababu zake.

"Haya, umejikata. Umekufa?"

"Mimi nilisikia uchungu," alisema mjomba.

Kijitabu hakikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Jumapili asubuhi aliingia chumbani kwa baba na bakuli la maji ya moto. Alipaka povu, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akanong'ona, "Ni wazo tu, ni wazo tu."

"Unaninyoa au unaniombea?" aliuliza mzee, kwa nusu ya mdomo.

Shavu la kulia lilikwenda vizuri. Kila wembe ulipokwaruza, mzee alikunja uso, na kila alipokunja uso mwanawe alipumua. Kisha akazunguka upande wa kushoto.

"Huku nyoa tu, mwanangu, usiogope. Hutanisikia nikilalamika."

Wembe ukabaki hewani. Povu likaanza kukauka. Mwishowe Mkono Pamba akachukua taulo, akafuta povu pamoja na maneno yote ya kijitabu, na ndevu za kushoto zikabaki palepale zilipokuwa.

Mzee akajipapasa kulia, akajipapasa kushoto kwa mkono uleule mmoja uliokuwa bado unamtii.

"Geuza kiti," alisema. "Mlango uwe kulia kwangu."

Wageni wakaja, wakakalishwa wote upande mmoja. "Umependeza, mzee," walisema. "Mwanao bado ni mkono wa pamba." Na mwana, muda wote wa mazungumzo, alisimama kushoto kwa baba yake kama pazia.